Majike Watano katika Tangi Dogo

Binti wa dada yangu ameanza kazi mwaka huu, na kitu cha kwanza alichotaka kukiweka juu ya meza yake ofisini ni samaki. Wiki iliyopita alinitumia video fupi: tangi la kioo la sentimita 40 hivi, maji maangavu, changarawe ya rangi ya waridi, na ndani yake majike watano wa beta, kila mmoja na rangi yake, wakipishana taratibu mbele ya kamera. Chini ya video aliandika: "Shikamoo mjomba. Nimewapenda hawa. Muuzaji anasema madume ndio wanaopigana, majike wanakaa pamoja bila shida. Ninunue?"

Nilimwitikia marahaba, nikamwomba asilipe mpaka tuzungumze. Kisha nikaitazama video ile tena na tena, maana maneno ya muuzaji nilishawahi kuyasikia mara nyingi mno. Kabla ya kuanza kula kwa kalamu nilikuwa kijana wa ndoo kwenye duka moja la samaki wa mapambo Kariakoo, katikati ya miaka ya 2000. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji, kusugua vioo, na kuzunguka kwa daladala kuhudumia matangi ya wateja, maofisini na majumbani. Mwenye duka, mzee aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu maji, ametangulia mbele ya haki. Duka nalo limefungwa. Ile kauli kwamba majike hawapigani ingali sokoni, na siku hizi inauzwa pamoja na video.

Niseme mapema ninachokiamini, kisha nieleze kilivyonijia. Majike wa beta wanaweza kuishi pamoja, lakini kwa masharti ambayo tangi dogo haliwezi kuyatimiza hata lipambwe vipi. Na ule utulivu wa siku za kwanza hautuambii chochote kuhusu miezi itakayofuata.

Siku ya mzigo ilikuwa siku ya pilikapilika dukani. Beta walifika kwa ndege kutoka Thailand ndani ya masanduku meupe, kila samaki kwenye mfuko wake wa nailoni, na maji ya kumfunika mgongo tu. Wateja walishangaa kuwakuta hai. Siri yao ni kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua, kinachomwezesha beta kupanda juu, kubugia hewa na kuitumia kama sisi tunavyoitumia. Ndiyo maana anavumilia maji machache na mazito ambayo samaki wengine wengi wangekufia humo.

Madume tuliwapanga rafuni, kila mmoja kwenye chupa yake, na vipande vya kadibodi kati ya chupa na chupa ili wasionane. Majike tuliwamimina wote kwenye tangi moja karibu na mlango. Mteja akiingia, ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake: madume wametengwa, majike kundi zima wanaogelea pamoja, hakuna anayemgusa mwenzake. Nani angebisha?

Mzee alibisha. "Hapo hakuna mwenyeji bado," aliniambia siku moja tukiwahesabu. "Ngoja mmoja apate kwake." Ilinichukua muda kumwelewa. Majike wale walikuwa wametoka safarini, wamechoka, wamepauka. Walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumwandama mwenzake mmoja. Kila siku wawili watatu walinunuliwa, na mzigo uliofuata ukaleta wengine. Ili samaki huyu apiganie mahali, lazima kwanza apate muda wa kupafanya pake, na dukani hakuupata muda huo. Tangu hapo nilijua kwamba anachokiona mnunuzi dukani ni hali ya dukani. Haifungwi ndani ya mfuko ikaenda naye nyumbani.

Samaki mwenyewe inafaa tumjue. Kwao ni Thailand, hasa uwanda wa kati unaopitiwa na mto Chao Phraya: vinamasi, mifereji na majaruba ya mpunga, maji ya kina kifupi, ya vuguvugu, yaliyosongwa na majani. Mwingereza Charles Tate Regan alimpa mwaka 1910 jina la kisayansi analolitumia hadi leo, Betta splendens, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba wenyeji wamekuwa wakimfuga kwa angalau miaka 400, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walimfuga kwa ajili ya mapigano ya kuwekeana dau. Mfugaji aliyetaka dume shupavu alitafuta baba shupavu, na mama naye alimtafuta kwenye ukoo huohuo. Ukali uliorithishwa kwa njia hiyo haukuweza kuishia kwa watoto wa kiume peke yao. Watafiti wawili wenye jina la Braddock walichapisha mwaka 1955 utafiti mzima kuhusu ugomvi wa majike kwa majike. Kwa hiyo hata wanasayansi hawakuhitaji kusubiri zama za simu ili kulijua jambo hili.

Tofauti ya jike na dume ipo, lakini ni ya kiasi. Madume wawili wakikutana huanza mara moja, na mapezi yao marefu huchanika vibaya. Majike huanza polepole. Wanapimana kwanza, wanatanua mashavu, wanapigana mikia, wanapanga nani juu na nani chini. Kwao kwenye majaruba mambo huishia hapo, kwa sababu aliyeshindwa huondoka. Anajipenyeza kwenye majani, anasogea mita chache, na mshindi hana haja ya kumfuata. Kioo ndicho kinachobadilisha hadithi: aliyeshindwa anataka kuondoka na hana pa kwenda, na mshindi anaendelea kumwona mbele yake kama mtu anayekataa kushindwa.

Jambo hilo nililiona kwa mara ya kwanza kwenye ofisi moja ya mjini, karibu na Posta ya Zamani. Mkubwa wa ofisi alipita dukani, akalipenda tangi la mlangoni, akaagiza majike watano wa rangi tofauti. Tangi alilolinunua lilikuwa na urefu wa sentimita 40, upana 25 na kina 25, ambayo ni lita 25 kabla ya kutoa changarawe na pambo la ngome ya plastiki. Liliwekwa mapokezi ili wageni wapate cha kutazama wakisubiri. Mimi nilipangiwa kulihudumia.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama kwenye video ya mpwa wangu. Wageni walisogea, wakainama, wakasifu. Kisha jike mwekundu akaanza kusimama kwenye pembe moja, ile ambayo chakula kilidondoshwa. Hakumuuma mtu. Alisimama tu, mapezi wazi, na wenzake wakajifunza kupita mbali. Baadaye kidogo pembe ikawa nusu ya tangi. Dada wa mapokezi ndiye aliyeyaona haya kabla yangu, maana alikaa nao kutwa nzima ilhali mimi nilipita na ndoo na kuondoka. "Kijana wa samaki," aliniambia, "huyu wa bluu hajatoka nyuma ya filta tangu Jumatatu. Hata chakula hafuati."

Nilipomtoa nyuma ya filta, yule wa bluu alikuwa amepauka na ana mistari miwili ya giza iliyolala ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Mzee alinifundisha kusoma mistari hiyo. Ikilala, samaki ana hofu. Ikisimama wima, na tumbo limejaa, na kinundu cheupe kimejitokeza chini ya tumbo, jike huyo yuko tayari kutaga. Mapezi yaliyobanwa mwilini, magamba yaliyong'oka, mkia wenye pengo la mviringo, vyote hivyo ni taarifa. Mgeni wa mapokezi hakuviona hata kimoja. Alichokiona ni samaki mmoja mwekundu anayeogelea kwa madaha na wengine "waliotulia".

Ofisini pale walikuwa na utani wao. "Wake wenza wako leo wameamka vibaya," walinitania kila nilipofungua mlango, na wanaume ndio waliocheka zaidi. Nilicheka nao, lakini utani ule ulinikera kwa sababu ulificha ukweli. Wake wenza wana mume wa kugombea, au angalau watu husema hivyo. Majike wale hawakuwa na dume, wala hawakuwahi kumwona tangu watoke kwenye mifuko. Waligombea vitu vya kushikika: pembe ya chakula, kivuli kimoja cha ngome, na hewa ya juu. Kila kimoja kilikuwa kimoja tu, na wao walikuwa watano. Ukisema ni wivu wa kike, lawama umewatwika samaki. Ukipima kioo kwa rula, utajua ilipaswa kumwendea nani.

Yule wa bluu alikufa kabla sijarudi wiki iliyofuata. Simu ikapigwa dukani, na mzee akanituma nikamtoe mwekundu, maana hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida: mtoe mkorofi, mweke peke yake kwa siku kadhaa, wenzake wapate nafuu, kisha mrudishe akiwa wa mwisho kuingia ili ajione mgeni. Matibabu haya yana mantiki, na kwenye tangi kubwa huwa yanasaidia. Pale ofisini, kesho yake tu, jike wa njano ambaye siku zote alikuwa mpole alikuwa amesimama kwenye pembe ya chakula, mapezi wazi. Aliporudishwa mwekundu, walipigana vita ambayo haikuwahi kutokea mwanzoni, kwa sababu sasa walikuwepo wawili waliowahi kukishika cheo kimoja.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini habari ya samaki mkorofi na samaki mpole. Tabia zinatofautiana, ni kweli, na wapo majike wenye hasira kuliko wengine. Lakini kwenye lita 25 ukorofi ulikuwa cheo, na cheo hakikukaa wazi. Hesabu ya samaki iliendelea kushuka mpaka akabaki mmoja. Huyo mmoja, kwa taarifa, aliishi pale kwa muda mrefu akiwa na rangi nzuri na hamu ya chakula, na wageni waliendelea kumsifu. Tangi lilikuwa zuri kabisa kwa samaki mmoja.

Kuna wateja waliokuja na ufumbuzi wa kinyume: ongeza samaki. Mmoja wao, mfugaji mzoefu wa Sinza, alikuwa na hoja yenye uzito. Alikuwa anafuga mbuna, wale samaki wa rangi kali wa miambani katika Ziwa Nyasa, na kila afugaye mbuna anajua kwamba wakiwa wachache humwua mnyonge, lakini wakiwa wengi ukali hugawanyika na hakuna anayebeba mzigo wote. Akalifanyia hivyo tangi lake dogo la beta: badala ya majike wanne, akaweka kumi.

Mbinu ya mbuna inafanya kazi kwa sababu mbuna wake walikaa kwenye mamia ya lita, na filta mbili kubwa zikichuja mchana na usiku. Msongamano bila maji ni kitu kingine. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, na amonia huunguza matamvua. Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa maji yanabadilishwa. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye tangi jipya, na tangi dogo hubeba wachache tu. Majike wake kumi hawakupigana sana, hilo nakubali. Waliugua. Mikia ilianza kuoza kutoka ncha, na vijeraha vidogo vya kuumana, ambavyo kwenye maji safi vingepona vyenyewe, vikawa vidonda vyenye ukungu mweupe. Amani ya msongamano ilikuwa na bei, na bei ililipwa majini.

Mwaka 2006 ukaja mgao mkubwa wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosa, kina cha bwawa la Mtera kimeshuka, na jiji lilikaa gizani saa nyingi. Kwa duka la samaki ule ulikuwa mwaka wa mbio. Pampu ya hewa ikinyamaza, samaki huanza kupanda juu kutafuta oksijeni, na bakteria ndani ya filta nao huanza kufa kwa kukosa maji yanayotembea. Jioni moja mama mmoja wa Upanga alituita. Tangi lake, la lita 60 hivi, lilikuwa na majike sita wa beta na kundi la gapi. Gapi walikuwa wanakufa. Beta walikuwa wazima. "Hawa wako ndio wagumu, mwanangu," aliniambia akiinua taa ya chemli ili nione.

Nilipeperusha maji kwa kikombe, nikayachota na kuyamimina tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa, kazi ya kuchosha mkono. Nilipopumzika, taa ile ikiwa upande mmoja wa kioo, niliona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani mchana. Jike mdogo mweupe alikuwa amejificha chini ya gogo. Kila baada ya muda alilazimika kutoka, kupanda hadi juu, kubugia hewa na kushuka. Njia yake ilipita kwenye maji wazi, na pale juu alikuwepo mkubwa wao akimsubiri. Mweupe alipanda nusu, akafukuzwa, akashuka. Akapanda tena, akapigwa ubavuni, akaipata hewa kwa kasi na kurudi akiwa ameacha gamba.

Kile kiungo kinachowaokoa samaki hawa kwenye mifuko ya safari ndicho kinachowaponza kwenye tangi dogo. Samaki wa kawaida akionewa anaweza kujificha kutwa nzima. Beta hawezi. Lazima apande, na juu ni mahali pamoja, panapoonekana na kila mtu, na penye mwenyewe. Kwenye kioo cha sentimita 40 mkubwa mmoja anaulinda uso mzima wa maji bila jasho. Nilikuwa nimefundishwa kuhesabu lita. Kuanzia jioni ile nilianza kupima pia eneo la uso wa maji, na kujiuliza swali ambalo hadi leo nalitumia: mnyonge akitaka kuvuta pumzi, atapitia wapi bila kuonekana?

Jibu nililipata kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiishi Mbezi. Huyu ndiye mtu pekee niliyemjua wakati huo ambaye majike wake waliishi pamoja kwa muda mrefu na wakawa wazima, na ninamkumbuka kila mtu anaponiambia kwamba haiwezekani kabisa. Tangi lake lilikuwa na urefu wa sentimita 120, zaidi ya lita 200. Alikuwa na majike saba, na wote walikuwa ndugu wa tumbo moja. Aliwazalisha mwenyewe: dume akajenga kiota cha mapovu juu ya maji, akaokota mayai kwa mdomo na kuyatia kiotani, akayalinda mpaka watoto wakaanza kuogelea. Watoto wa kiume aliwatenga mmoja mmoja walipoanza kutunishiana. Wa kike hawakuwahi kutenganishwa hata siku moja. Ngazi yao ya ukubwa ilijipanga wakiwa wadogo, kabla meno hayajaweza kuumiza.

Ndani ya tangi hakukuwa na ngome. Kulikuwa na msitu. Mimea ilitoka kwenye changarawe hadi juu, mingine ikaelea ikining'iniza mizizi mirefu. Vyungu vilivyovunjika vililazwa kifudifudi. Na chini kulitandikwa majani makavu ya mkungu, aliyoyaokota chini ya mti uani kwake. Mkungu tunao pwani nzima, na wafugaji wa Thailand wanayatumia majani hayohayo. Yakilowa hutoa rangi ya chai, hulainisha maji na kuzuia baadhi ya vijidudu. Mwalimu alipenda pia kwamba yanatia giza. "Samaki asiyeonekana hafukuzwi," alisema.

Wageni wake walikuwa wakilalamika. Wanasimama mbele ya tangi kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona nyumbani kwa mtu, wanakodoa macho, kisha wanauliza: mbona sioni samaki? Wawili hapa, mmoja kule, labda mkia unaochungulia kwenye chungu. Nami nilisimama pale na ndoo yangu nikaelewa kwa nini la ofisini lisingefaulu hata kidogo. Tangi linalofaa kwa majike wengi ni lile ambalo huwezi kuwaona wote kwa pamoja. Mnunuzi wa tangi dogo anataka kinyume chake kabisa: anataka watano, rangi tano, wote mbele ya kioo, muda wote. Anachokilipia ndicho kinachowaumiza.

Mwalimu hakuuamini utulivu wa tangi lake hata akiwa ameujenga mwenyewe. Kila asubuhi wakati wa kuwalisha aliwahesabu, na asipofika saba hakuondoka mpaka amempata aliyekosekana. Kwenye rafu alikuwa na mitungi ya kioo yenye maji tayari, mitupu, ikisubiri. Nilimuuliza kwa nini, ilhali mambo yalikuwa shwari. "Mwanangu, hawa hawajaapa," alisema. Na kweli, siku ilifika ambapo ndugu wawili walianza kufukuzana na hawakuacha. Alimhamisha mmoja kwenye tangi lake siku hiyohiyo, bila huzuni wala mshangao. Samaki wale walikaa pamoja miezi mingi kwa sababu nafasi iliwaruhusu, na nafasi ilipokoma kuwatosha wawili hao, mtu mzima alikuwepo nyumbani wa kuliona hilo.

Nilimpigia mpwa wangu nikamsimulia kwa ufupi. Akaniuliza swali zuri: "Kwani mjomba, wakikaa kimya si ndiyo wameshazoeana?" Ndilo swali lenyewe. Ukimya wa majike unaweza kutoka kwenye kuzoeana, kama wale wa Mbezi. Unaweza kutoka kwenye uchovu, kama wale wa mlangoni dukani. Unaweza kutoka kwenye hofu, kama yule wa bluu nyuma ya filta. Kwa nje yote matatu yanafanana, na video ya sekunde 20 haiwezi kuyatenganisha. Kinachoyatenganisha ni muda, pamoja na vitu vidogo ambavyo kamera haivijali: nani anakula wa mwisho, nani hapandi juu kwa uhuru, mkia wa nani umepungua tangu jana. Tangi la namna hii huhukumiwa kwa miezi. Wanaotuonyesha matangi yao siku walipoyajaza hawatudanganyi kwa wanachoonyesha. Hawarudi tu kutuonyesha mwezi wa nne.

Kwa anayetaka kweli kuwaweka majike pamoja, masharti ninayoyajua ni haya. Awe na tangi refu la lita 80 kwenda juu, na kila lita ya ziada ni heri. Maji yawe yamekomaa kabla samaki hawajaingia. Mimea ijae mpaka macho yashindwe kuona kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mingine ielee juu ili anayepanda kupumua apate kificho. Samaki wawe ndugu waliokua pamoja, na waingie wote siku moja. Kumwongeza mgeni baadaye ni kuianzisha ngazi upya. Awe na chombo cha akiba kwa kila samaki, kabla hajakihitaji. Na awe mtu wa kuhesabu kila siku. Anayekosa hata moja kati ya haya asijaribu, na mwenye yote ajue kwamba bado anaweza kuamka siku moja akalazimika kuwatenganisha.

Wauzaji wa samaki nawaomba jambo moja dogo lisilowagharimu kitu: kabla ya kutaja bei, mwulize mteja ukubwa wa tangi lake. Mteja atakayempoteza samaki mmoja baada ya mwingine hatarudi kununua wengine. Atasema samaki hawa ni dhaifu na kulifanya tangi kuwa chombo cha kuwekea karatasi.

Nawe msomaji uliyekwisha nunua kioo kidogo, hujapoteza kitu. Jike mmoja wa beta kwenye lita 20, mwenye filta ya mkondo mpole, mimea michache na jani la mkungu, joto letu la pwani likimtosha bila hita, ni samaki wa kupendeza. Mapezi yake mafupi humfanya awe mwepesi kuliko dume. Atamtambua anayemlisha na kumfuata kando ya kioo, atawinda viluwiluwi vya mbu kwa hamu, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 2 hadi 4. Tangi dogo lina nafasi ya jike mmoja. Mpe yote.